Ninamwachia nani?

Alikufa usingizini. Nilipigiwa simu asubuhi, hata sijaamka vizuri, nikaambiwa mzee alilala jana akiwa mzima na leo hakuamka. Alikuwa na miaka 84. Aliyenipigia akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefariji, "Wala hakuteseka."

Nilibaki kitandani na simu mkononi. Miaka 31 nilikuwa nasubiri kuona mtu huyu ataishia wapi, na sasa nimeambiwa. Ameishia kitandani kwake, kafunikwa shuka, hakuteseka.

Sisi watoto tulimwita Baba Mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, na baba alipofariki yeye ndiye aliyesimamia mazishi, yeye ndiye aliyemshika mama mkono, yeye ndiye aliyesema mbele za watu kwamba kuanzia siku ile watoto wa marehemu ni watoto wake. Haikupita miaka miwili, nyumba aliyotuachia baba ikawa na hati yenye jina la Baba Mdogo. Kulikuwa na mkataba wa mauziano, na chini ya mkataba kulikuwa na saini ya mama.

Ngoja nieleze habari ya hiyo saini, kwa sababu mambo mengine yote niliyowaza maishani kuhusu haki yameanzia pale.

Mama alijifunza kuandika ukubwani, akiwa tayari na watoto watatu. Jina lake aliliandika kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: herufi moja, anapumua, herufi nyingine, anapumua. Herufi ya mwisho ilimsumbua mpaka anakufa, mkia wake lazima ushuke chini ya mstari. Na alipomaliza aliweka nukta. Hakuna aliyemfundisha hiyo nukta, aliiweka tu, kwa nguvu, mpaka karatasi inaacha alama upande wa pili. Sasa saini iliyokuwa kwenye mkataba ilikwenda mbio, imelalia upande mmoja, herufi zimeshikana vizuri, haina nukta. Ilikuwa nzuri kuliko ya mama. Aliishika ile nakala, akaitazama sana, akasema polepole, "Kumbe jina langu linaweza kuandikwa hivi."

Hakulia siku ile. Mimi ndiye niliyelia.

Tulifungua kesi. Ikapigwa tarehe miaka minne. Mara hakimu ana udhuru, mara wakili wa upande wa pili anaumwa, mara jalada halionekani. Siku jalada lilipoonekana, mkataba halisi haukuwamo. Ilibaki nakala, na mtaalamu wa maandishi akasema hawezi kuthibitisha kughushi kwa kutazama nakala. Mama aliyasikiliza yote hayo akiwa amekaa wima kwenye benchi. Akasimama, akachukua mkoba wake, akasema, "Namwachia Mungu." Hatukurudi tena.

Miaka miwili baadaye niliajiriwa ukarani katika mahakama nyingine, na sitajidanganya kwamba ilitokea tu. Nilitaka kufanya kazi pale majalada yanapokaa. Nilikaa huko miaka 24, na katika miaka hiyo hakuna jalada lililopotea mikononi mwangu. Nalisema hilo kwa sababu ni kitu kimoja nilichoweza kumfanyia mama bila yeye kujua.

Ni katika miaka hiyo hiyo imani ya maisha baada ya kifo ilinitoka. Sikugombana na Mungu, wala sikusoma kitabu kikanigeuza. Siku moja nilikuwa kwenye mazishi, watu wanasema tutaonana, nikagundua kwamba midomo yangu inalisema neno hilo na moyo umenyamaza. Nikasubiri urudi. Haukurudi. Simwombi mtu anifuate, na wale wanaoamini sioni kama wamekosa akili; wengi wao wananizidi kwa wema. Ila tangu hapo sentensi ya mama imenikaa kooni. Yeye alikuwa na wa kumwachia. Mimi ninamwachia nani?

Jibu ninalopewa haraka zaidi, hata na watu wasiosali, ni kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Subiri tu, utaona. Kwa muda niliwahi kulishika jibu hilo, nikawa namtazama Baba Mdogo kama mtu anayetazama chungu kilicho jikoni. Akikohoa, nasema ndiyo hiyo. Biashara yake ikiyumba, nasema imeanza.

Kisha mama akapata kiharusi. Ilikuwa miaka tisa baada ya kunyang'anywa nyumba, tukiwa tumepanga chumba na sebule. Alipooza upande wa kulia, mkono ule ule wa kuandikia. Wiki haikuisha, maneno yakatufikia kutoka upande wa pili: mmeona, alimsingizia mzee wa watu, mkono alioukana mahakamani ndio huo umekufa.

Kila nikiandika maneno hayo, mwili unanisisimka. Mama aliyasikia. Aliyesikia pia ni mdogo wangu, aliyetaka kwenda kupigana, mama akamzuia kwa mkono wa kushoto. Na mimi nilipata aibu ya peke yangu, kwa sababu nilijua kwamba wale watu walikuwa wanatumia hesabu yangu mwenyewe. Kama kikohozi cha Baba Mdogo ni malipo, basi kiharusi cha mama ni nini? Ukishakubali kwamba ugonjwa na msiba ni hukumu, umempa kila mtu ruhusa ya kumtazama mgonjwa na kuuliza alifanya nini. Marafiki wa Ayubu walikwenda kumfariji wakaishia hapo hapo: umepoteza watoto, mali na afya, basi tuambie ulikosa wapi. Nimeuacha msemo ule, na nikiusikia kwenye msiba natoka nje.

Tena una kasoro nyingine ambayo karani yeyote angeiona. Siku za mwizi ni arobaini, tunasema, lakini wanaohesabiwa humo ni waliokamatwa. Ambaye hakukamatwa hana jalada, hivyo hayumo kwenye methali.

Idi Amin aliondolewa madarakani Uganda mwaka 1979. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ya waliouawa katika miaka yake 8 ya utawala yanafika watu 300,000. Alifia hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya uhamishoni, na hakuna mahakama iliyowahi kumwita kwa jina. Pol Pot, ambaye chini ya utawala wake nchini Kambodia, kati ya 1975 na 1979, walikufa watu wapatao milioni 1.7, alifariki mwaka 1998 akiwa mikononi mwa wenzake waliomgeuka. Hao ndio pekee waliomhukumu akiwa uso kwa uso nao, tena kwa sababu zao wenyewe. Josef Mengele, daktari aliyewachagua watu pale Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, nani aende kwenye gesi na nani abaki afanyishwe kazi au achezewe mwili kwa majaribio, alizama baharini Brazil mwaka 1979 alipokuwa akiogelea, akazikwa kwa jina la mtu mwingine. Kaburi lilifukuliwa mwaka 1985. Baadaye mifupa yake ilitumiwa São Paulo kufundishia madaktari wanaosomea uchunguzi wa maiti. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi, nikafikiri angalau hapo pana kitu. Halafu nikajiuliza ni nani anayelipa hapo. Mfupa hausikii aibu.

Dua la kuku halimpati mwewe. Hiyo ndiyo methali ambayo ushahidi unaiunga mkono, na nasikitika kuandika hivyo.

Kuna wanaosema kwamba mwovu anaadhibiwa ndani, na dhamira yake. Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kama alivyoandikwa na mwanafunzi wake Plato, alikwenda mbali zaidi: mdhalimu aliyeponyoka adhabu ana hali mbaya kuliko aliyeadhibiwa, kwa sababu anaendelea kuishi na nafsi iliyooza bila tiba. Ni wazo la mtu mkubwa na nimelipigania kwa miaka. Lakini nimemwona Baba Mdogo kwenye harusi tatu na misiba isiyo na idadi. Nilikuwa nakaa mahali ninapoweza kuuona uso wake, nikitafuta, hata kidogo tu, ule usiku wa kukosa usingizi. Alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Aliwahi kuniita, "Mwanangu, njoo unisalimie." Nikaenda. Nikamsalimia. Macho yake yalikuwa meupe, yametulia, ya mtu aliyelala vizuri. Pengine nafsi yake ilikuwa imeoza kweli, lakini kama uozo hauumi mwenye nao, sijui tunaita nini adhabu.

Basi nirudi kwenye ahera, kwa heshima, kwa sababu nadhani wasioamini wenzangu wanaitupa haraka mno bila kutazama kilichokuwemo ndani.

Tunapenda kusema kwamba watu walibuni moto ili kutishana. Mimi nimekuja kuona kwamba moto ni sehemu ndogo. Kuna mafundisho ya Mtume Muhammad ambayo jirani yetu mmoja alimsomea mama wakati anaumwa. Mtume aliwauliza masahaba wake, mnamjua aliyefilisika ni nani? Wakasema ni yule asiye na fedha wala mali. Akawaambia aliyefilisika ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huyu alimtukana, yule alimsingizia, huyu alikula mali yake, yule alimwaga damu yake, mwingine alimpiga. Basi watapewa mema yake, mmoja mmoja. Yakiisha kabla madeni hayajaisha, zitachukuliwa dhambi zao zitupwe juu yake.

Tazama nani anapewa. Hesabu yote imejengwa kumzunguka aliyedhulumiwa. Analipwa yeye, mkononi, kwa sarafu ambayo mwizi alidhani ni akiba yake mwenyewe. Na masheikh wanafundisha kwamba haki ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe asamehe. Hakuna mahakama niliyofanya kazi ambayo ilimweka mlalamikaji mahali pa juu hivyo. Kwetu aliyeumizwa alikuwa shahidi namba moja wa upande wa mashtaka. Akishatoa ushahidi anarudi nyumbani, na mara nyingi hata siku ya hukumu hajui.

Kwa Wakristo nako kuna yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, akaahidiwa peponi siku ile ile. Nilipokuwa mdogo ilikuwa hadithi niliyoipenda. Baada ya saini ile nilianza kuwawaza watu aliowaumiza mhalifu yule, ambao hawakuwapo pale chini ya msalaba na hawakuulizwa. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Injili, ananitosha zaidi: alisema kama amemdhulumu mtu atamrudishia mara nne, na alisema akiwa hai, mali ingali mkononi.

Kwa hiyo nilipopoteza ahera sikupoteza moto. Nilipoteza ile siku ambayo mama angesimama, mkono wake wa kulia umepona, na mtu aulizwe mbele yake: saini hii ni ya nani? Kitu hicho hakina kibadala. Nimesoma waandishi wasioamini wanaosema kwamba haki kamili ipo hapa duniani tukiielewa vizuri, na sikubaliani nao. Kwa mama haikuwepo, na sasa haiwezi kuwepo. Alikufa miaka mitatu baada ya kiharusi, katika chumba cha kupanga. Anayesema vingine anataka kunituliza.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliona shimo hilo hilo. Mwaka 1788 aliandika kwamba wema na furaha havikutani katika maisha haya inavyostahili, na kwa kuwa akili yetu inadai vikutane, hatuna budi kukubali kwamba kuna Mungu na kwamba nafsi haifi. Ninamwelewa kabisa, ningetamani niende naye. Lakini nimefanya kazi miaka 24 katika nyumba ambamo kila siku mtu fulani alihitaji shahidi. Nimewaona wakigeuka kutazama mlango kila unapofunguka. Haja yao ilikuwa ya kweli, na shahidi hakuja.

Nikabaki na swali dogo zaidi, labda ndilo langu hasa: katika yote ambayo ahera ilikuwa imeahidi, ni lipi nililolitaka zaidi?

Nililipata jibu kwenye mazishi ya Baba Mdogo. Nilikwenda. Dada yangu alikataa, mimi nikaenda, nikakaa nyuma. Msemaji wa tatu, mzee mwenye sauti nzuri, alisema marehemu hakuwahi kula cha mtu. Alisema hivyo hivyo, "hakuwahi kula cha mtu," na watu wakaitikia kwa vichwa. Pale nilihisi kitu kikipanda kutoka tumboni, na nilikitambua. Sikutaka aungue. Namwapia mama, sikutaka. Nilitaka sauti moja kutoka popote iseme: si kweli. Sauti hiyo haikuja, na mimi mwenyewe sikuthubutu. Watoto wake walikuwa mbele pale wanalia baba yao.

Sasa nieleze habari ya mtu aliyethubutu, maana ndiye aliyenitoa kwenye giza kuliko mwanafalsafa yeyote.

Souleymane Guengueng alikuwa mtumishi wa umma huko Chad wakati wa utawala wa Hissène Habré. Mwaka 1988 alikamatwa, akafungwa zaidi ya miaka miwili katika magereza ya polisi wa siri, akaona wenzake wakifa kando yake. Humo ndani aliapa kwamba akitoka hai atapigania haki. Habré alipinduliwa Desemba 1990 na kukimbilia Senegal, milango ya magereza ikafunguliwa, na Guengueng akaanza kwenda kwa watu. Aliwaomba wasimulie, akaandika. Alikusanya maelezo ya watu 792. Vitisho vilipozidi aliyaficha majalada yale nyumbani kwake, yakakaa kimya kwa miaka.

Ninapolisoma hilo naiona meza. Namwona mtu anayeandika jina, tarehe, mahali, anamwuliza mjane, unakumbuka alivaa nini siku walipomchukua? Mimi najua uzito wa jalada moja, najua mgongo unavyouma baada ya maelezo ya kumi. Yeye alifanya 792, bila mahakama, bila mhuri, bila yeyote aliyemwahidi kwamba yatasomwa.

Mwaka 2001 watetezi wa haki za binadamu waliingia katika makao makuu ya zamani ya polisi wale mjini N'Djamena wakakuta nyaraka zimetapakaa sakafuni, maelfu kwa maelfu. Wauaji walikuwa wameandika wenyewe: orodha za wafungwa, taarifa za mahojiano, vyeti vya vifo. Katika karatasi hizo yalipatikana majina ya watu 1,208 waliouawa au kufia kizuizini. Kesi ikaanza Dakar Julai 2015, katika mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal kwa makubaliano na Umoja wa Afrika. Habré alikataa kuitambua. Aliingizwa kwa nguvu, akakaa na kilemba chake na miwani ya jua, hakusema neno mbele ya watu waliokuja kusema aliyowatenda. Mei 30, 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na mateso. Alifariki Agosti 2021, angali mfungwa.

Ilichukua miaka ishirini na mitano na zaidi. Wengi waliotoa maelezo kwa Guengueng hawakuiona siku hiyo. Fidia iliyoamriwa ilikaa miaka bila kulipwa. Mzani haukulingana, na hakuna mzani wa dunia hii utakaolingana na vifo vile. Lakini ilisemwa. Hakimu akasoma, na aliyetaka kusahauliwa alilazimika kukaa akasikiliza.

Jambo moja siwezi kulificha hata kama linaidhoofisha hoja yangu: Guengueng alikula kile kiapo mbele ya Mungu. Aliamini kuna anayemsikia mle ndani ya seli. Ningeweza kulipita hilo, lakini lina maana kwangu. Mtu aliyekuwa na haki kamili ya kusema namwachia Mungu alitoka akatafuta kalamu. Mwamini na asiyeamini wanatofautiana kuhusu kesi ya mwisho, ila hii ya sasa inawadai wote wawili, na asiyeamini inambana zaidi kwa kuwa hana rufani. Katika kazi yangu, mshtakiwa wa jinai akifa tuliandika mstari mmoja, kwamba mashtaka yameondolewa kutokana na kifo chake, jalada likafungwa. Niliuandika mstari ule mara nyingi na sikuuzoea. Kwa anayeamini, jalada linahamishiwa mahakama nyingine. Kwangu mimi limefungwa kweli. Ndiyo maana siku hizi sivumilii nikisikia mtu anasema kesi iahirishwe bila sababu.

Nilitaka pia kuandika kuhusu hofu, kama watu wangekuwa wabaya zaidi bila jehanamu. John Locke, Mwingereza aliyetetea uvumilivu wa dini mwaka 1689, aliwatenga wasiomwamini Mungu, kwa sababu kwa maoni yake kiapo hakiwezi kuwafunga. Kuhusu hilo nina ushahidi wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nawapa mashahidi Biblia au Msahafu mkononi, na wale wachache wasiotaka kuapa niliwasomea maneno ya kuthibitisha. Walidanganya hawa na walidanganya wale. Baba Mdogo aliapa, na mkono wake haukutetemeka. Inatosha.

Wiki sita baada ya mazishi, binti yake alinipigia. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi na kitu, ananiita dada. Nilidhani anataka kunishukuru kwa kufika. Akasema, "Dada, kuna kitu nimesikia pale msibani, watu wawili walikuwa wananong'ona. Naomba uniambie wewe. Ile nyumba tuliyokulia ilikuwa ya nani?"

Nilinyamaza. Baba yake yuko ardhini wiki sita. Yeye hakuiba kitu. Wakati ule alikuwa mtoto wa shule. Nilimwambia aje tuongee ana kwa ana, na usiku ule sikulala, nikifikiri labda nimwache na baba yake alivyokuwa kichwani mwake. Mama angefanya hivyo, nadhani. Angesema, mwanangu, yameisha.

Alikuja. Nikatoa bahasha, nikaweka mezani nakala ya mkataba, na kando yake barua ambayo mama aliniandikia nilipopata kazi, mistari minne, jina na nukta yake. Sikusema neno. Alizitazama kwa zamu, moja, nyingine, akarudi kwenye ya kwanza. Akaweka kidole pale kwenye nukta. Kisha akageuza barua akapapasa upande wa pili, ile alama iliyotokeza.

Alilia, na mimi sikupata ushindi wowote katika kilio kile. Nyumba yenyewe iliuzwa zamani, ikauzwa tena, sasa ina watu wasiojua lolote. Hakuna cha kurudisha. Aliponyamaza aliomba karatasi. Akaandika kwamba yeye, fulani binti fulani, anajua na anakiri kwamba nyumba ile ilikuwa mali ya mama yetu, na kwamba mama hakuiuza. Akaweka tarehe, akasaini. Karatasi hiyo haina nguvu yoyote kisheria, nalijua hilo kuliko yeye, na nilimwambia. Akasema, "Najua. Niwekee kwenye hiyo bahasha."

Alipofika kwenye jina la mama alikuwa amesita. Aliniuliza alikuwa analiandikaje. Nikachukua kalamu nikamwonyesha kwenye pembe ya gazeti: herufi moja, nikapumua, herufi nyingine, mkia nikaushusha chini ya mstari, halafu nukta, kwa nguvu.